Maswali ya Wasomaji: Giaboksi Nzito, Gia Zisizokutana na Gari Lisilopanda Mawe

Barua za toleo hili zimetoka kwa wajenzi wa magari ya LEGO Technic, yaani vipande vya plastiki vya kuundia mitambo midogo inayofanya kazi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini mtambo uliojengwa kwa kufuata kitabu, au kwa kichwa cha mjenzi mwenyewe, hauzunguki inavyotakiwa. Nimeipa barua ya giaboksi nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa matatizo yake ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa baada ya kazi ya siku nyingi.

Swali: Giaboksi imefunga, nifumue gari lote?

*Ndugu Fundi, nimemaliza kuunda gari la mbio lenye vipande zaidi ya 3,000 na giaboksi ya gia nyingi. Chesisi ilipokuwa peke yake nilizungusha tairi bila shida. Sasa gari limekamilika, nikilisukuma sakafuni pistoni hazichezi, gia moja nikiiingiza tairi za nyuma zinafunga kabisa, na gia nyingine inatoa mlio wa ta-ta-ta. Je, nilifumue lote?*

Usilifumue bado, ndugu yangu. Umeniandikia dalili tatu tofauti, na kila moja ina chanzo chake, kwa hiyo tuzitenganishe kabla ya kugusa kipande chochote.

Katika giaboksi za aina hii gia zote zimeshikana muda wote na zote zinazunguka, ila baadhi yake ziko huru juu ya shafti. Kinachoamua gia ipi ibebe nguvu ni pete ya kuunganisha, ambayo inateleza juu ya shafti kwenda upande mmoja au mwingine hadi meno yake ya ubavuni yaingie katika ubavu wa gia huru na kuifanya izunguke pamoja na shafti. Utaratibu huu uliingia mwaka 1994 pamoja na seti namba 8880, gari lililokuwa na nguvu katika tairi zote 4, lililokata kona kwa tairi zote 4, na lenye giaboksi ya gia 4. Na ingawa umbo la pete limeboreshwa tangu hapo, msingi wake ni uleule.

Gia inayofunga kabisa karibu kila mara inamaanisha kwamba pete mbili zimeingia kwa wakati mmoja. Pete ya kwanza inaiambia shafti izunguke kwa kasi fulani, ya pili inaiambia izunguke kwa kasi nyingine, na kwa kuwa shafti moja haiwezi kutii kasi mbili, mtambo mzima unasimama. Sasa tazama vile vishikio vinavyosukuma pete unapobadilisha gia. Vimevalishwa kwenye shafti yenye umbo la msalaba, na msalaba unakubali kuingia kwa mikao 4, hivyo kishikio kilichokosewa kwa robo mzunguko kinaingia vizuri kabisa, kinakaa imara, na hakionyeshi kosa lolote mpaka siku gari linapokamilika. Geuza gari chali, mulika kwa tochi, badilisha gia mojamoja polepole huku ukitazama pete, na katika kila gia hakikisha ni pete moja tu iliyoingia huku nyingine zote zikiwa katikati. Mara nyingi utaweza kukirekebisha kishikio kwa kutoa shafti moja tu, bila kufumua bodi.

Mlio wa ta-ta-ta ni wa meno yanayoruka. Gia mbili zinazosukumana hazizungushani tu, zinataka pia kutengana, na boriti zinazobeba shafti zake zisipofungwa kwa kipande kinachovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, zitapanuka kiasi kidogo ambacho macho hayaoni lakini meno yanakihisi. Shika boriti hizo kwa vidole, zibane, kisha zungusha tairi; mlio ukikoma, umepata mahali pa kuongeza kipande cha kufungia. Usipokoma, angalia kama pete inaingia hadi mwisho wa safari yake, kwa sababu pete iliyoingia nusu hutoa mlio huohuo na hula meno ya ubavuni.

Dalili ya tatu, uzito, ndiyo inayohitaji uvumilivu. Kosa la kawaida ni kubana bushi, yaani vile vipete vinavyozuia shafti isiteleze, kwa nguvu hadi zinagusa boriti. Shafti iliyobanwa hivyo inasugua pande zote mbili, na giaboksi yenye shafti 6 au 7 za namna hiyo haizunguki hata kwa mota. Kila shafti inayozunguka inatakiwa iweze kusogea kidogo mbele na nyuma ukiisukuma kwa ukucha, unene wa karatasi tu unatosha. Shafti ndefu zilizopinda nazo huleta uzito unaokuja na kuondoka katika kila mzunguko. Zitoe, zibiringishe juu ya meza, na iliyopinda itajionyesha yenyewe.

Kuhusu kusukuma sakafuni, kumbuka kwamba hapo unauendesha mtambo kinyumenyume, maana tairi ndizo zinazoizungusha injini. Kama injini inazunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, basi msuguano wote wa pistoni unaufikia mguu wa tairi ukiwa umezidishwa mara 3, na juu ya sakafu laini tairi itateleza badala ya kuzunguka. Kwa hiyo gia ya kwanza, ambayo injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, lazima iwe nzito kuliko zote, na gia ya juu iwe nyepesi kuliko zote. Ukikuta kinyume chake, ama gia ya juu ina mahali inaposugua, ama mpangilio wa gia hauko sawa.

Mpangilio huo ni rahisi kuuhakiki: zungusha tairi za nyuma zote mbili pamoja mzunguko mmoja kamili, hesabu pistoni moja inapanda mara ngapi, kisha rudia katika kila gia. Idadi ipungue kadiri unavyopanda gia. Usidhani kuwa kitabu hakikosei. Wajenzi wa Porsche 911 GT3 RS ya mwaka 2016, seti namba 42056, waligundua kwa kuhesabu hivyo kwamba gari lililojengwa sawasawa na maelekezo lilikuwa likipita gia ya 1, kisha ya 3, kisha ya 2, kisha ya 4, na wakalisahihisha kwa kubadilishana nafasi za gia ndani ya giaboksi.

Swali: Kwa nini gia zinakutana hapa na pale hazikutani?

*Fundi, nimerithi sanduku la vipande vya zamani vyenye vitufe juu, nami nina boriti mpya zisizo na vitufe. Najaribu kuchanganya, lakini gia zinakutana mahali pengine na mahali pengine zinaacha nafasi au zinabana. Kuna kanuni?*

Kanuni ipo, na ni nzuri mno kiasi kwamba ukishaijua hutajenga tena kwa kubahatisha. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata ni milimita 8. Gia nazo zimetengenezwa kwa kipimo kwamba kipenyo chake cha kazi, yaani mduara ambapo meno yanakutana, kina milimita sawa na idadi ya meno. Gia ya meno 24 ina kipenyo cha milimita 24. Ya meno 8 ina milimita 8. Jumlisha meno ya gia mbili, gawanya kwa 2, na umepata umbali wa shafti zake kwa milimita.

Gia ya 8 na ya 24 zinakupa 32, nusu yake 16, ambayo ni matundu 2 barabara. Kwa umbali huohuo utaweka 16 na 16, au 12 na 20. Kwa matundu 3 utaweka 24 na 24, 8 na 40, 12 na 36, au 20 na 28, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa sababu bila kuhamisha shafti hata moja unaweza kubadilisha uwiano kutoka 1 kwa 1 hadi 5 kwa 1. Zinazosumbua ni jozi kama 16 na 24, au 20 na 20, ambazo zinataka matundu 2 na nusu. Ukiwa na vipande vya kukupa nusu tundu, nenda matundu 2 upande mmoja na tundu 1 na nusu upande wa pili. Umbali wa mshazari utakuwa 2 na nusu kamili, kwa hesabu ileile ya pembetatu ya 3, 4 na 5.

Mshazari wa tundu 1 kwa matundu 2 nao unafaa kukaririwa. Umbali wake ni milimita 17.9 hivi, na jozi ya 12 na 24, au 16 na 20, inataka 18. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba gia zinafanya kazi vizuri, zikibana kidogo tu. Ningeitumia kwenye mwendo wa usukani bila wasiwasi, lakini si mahali panapozunguka kwa kasi kutoka kwenye mota.

Sasa kuhusu urithi wako. Technic ilianza mwaka 1977 ikitumia matofali marefu yenye matundu, na ilikuwa karibu na mwaka 2000 ndipo boriti laini zisizo na vitufe zilipoanza kushika nafasi yake. Kwa mlalo vipande vyote viwili vinakubaliana, milimita 8 kwa 8. Kwa wima havikubaliani, kwa kuwa tofali lina kimo cha milimita 9.6, hivyo ukipanga tofali juu ya tofali matundu yako hayataangukia kwenye matundu ya boriti mpya. Dawa ni kuweka bamba mbili nyembamba kati ya matofali: bamba moja ni milimita 3.2, mbili ni 6.4, na pamoja na 9.6 unapata 16, yaani matundu 2 kamili. Hapo boriti mpya itapita wima ubavuni na kufunga kila kitu kwa pini.

Swali: Pini nyeusi na za kijivu

*Shikamoo Fundi. Nina miaka 13 na nilitaka kujua kama naweza kutumia pini nyeusi pale kitabu kinapotaka za kijivu, kwa sababu za kijivu zimeniishia.*

Marahaba, mwanangu. Usifanye hivyo mahali panapocheza. Pini nyeusi ina vimistari vilivyoinuka vinavyobana ndani ya tundu ili boriti mbili zisigeuke ovyo. Ya kijivu ni laini na imewekwa mahali ambapo boriti inatakiwa igeuke kwa urahisi, kama mkono wa kubeba tairi au mlango wa gari. Katika pini ndefu za matundu 3, ya buluu ndiyo inayobana na ya rangi ya mchanga ndiyo laini. Tafuta katika gari lako mahali ambapo pini za kijivu zimefunga tu boriti zisizocheza, zitoe hapo, uweke nyeusi, kisha zipeleke zinakohitajika.

Swali: Gari linakata kona likiburuza tairi

*Mheshimiwa, nimejenga lori kwa ubunifu wangu. Usukani unafanya kazi, ila nikikata kona tairi za mbele zinaburuzika pembeni na usukani ni mzito sana. Tairi zenyewe zinapinda sawasawa kwa pande zote mbili.*

Hapo umelitaja tatizo lako katika sentensi ya mwisho, maana tairi za mbele hazitakiwi kupinda sawasawa. Gari likikata kona, tairi ya ndani inapita duara dogo na ya nje inapita duara kubwa, kwa hiyo ya ndani lazima ipinde zaidi. Kanuni hii ilibuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaipatia hataza huko London kwa niaba yake. Ndiyo maana duniani kote inaitwa kwa jina la Ackermann.

Kwa vipande vyetu inatekelezeka vizuri. Tuseme kingpini za pande mbili, yaani mihimili ya wima ambayo tairi hugeukia, zimeachana matundu 11, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni matundu 22. Kama tairodi, ile fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, iko nyuma ya ekseli ya mbele, mikono inayoshika tairodi lazima iinamie ndani, ili mstari unaopita katika kingpini na ncha ya mkono ukiendelezwa ufike katikati ya ekseli ya nyuma. Mkono wa urefu wa matundu 2 utainama ndani kwa nusu tundu tu. Nusu kila upande, basi tairodi yako itakuwa ya matundu 10 badala ya 11. Kwa vipimo hivyo, tairi ya ndani ikipinda nyuzi 30, ya nje inatakiwa kupinda nyuzi 24 hivi. Kama nafasi inakulazimisha kuweka tairodi mbele ya ekseli, pindua hesabu: mikono iinamie nje na tairodi iwe ndefu kuliko umbali wa kingpini.

Uzito wa usukani una sababu ya pili ambayo kanuni hii haiiondoi. Pima kutoka kingpini hadi katikati ya unene wa tairi. Ikiwa ni matundu 2 au zaidi, tairi haigeuki mahali ilipo, inasafiri kwenye tao huku ikibeba uzito wa lori zima, na meno ya usukani ndiyo yanayolipa gharama. Tumia vile vishikio vya tairi ambavyo kingpini yake inaingia ndani ya rimu, hata kama itakulazimu kuchagua rimu pana zaidi. Na ikiwa lori lako lina springi mbele, tairodi na ile mikono inayobeba tairi viwe na urefu sawa na vilale sambamba, la sivyo kila tairi itakapopanda juu ya kitu itajipinda yenyewe bila usukani kuguswa.

Swali: Gia nyeupe ya meno 24

*Ndugu Mhariri, gia nyeupe ya meno 24 yenye maandishi katikati inateleza nikiizungusha kwa nguvu. Imeharibika?*

Ni nzima, na hiyo kuteleza ndiyo kazi yake. Ile namba iliyoandikwa, 2.5 hadi 5 Ncm (newtoni-sentimita), ni nguvu ya mzunguko ambayo ikizidi, katikati ya gia inaachia ili mota isiungue na meno yasikatike. Iweke mahali penye mwisho wa safari, kama usukani wenye mota au mlango unaofungwa na mota, na hasa pale penye gia ya skrubu, kwa kuwa gia ya skrubu hairudishi nguvu nyuma na haina huruma na kipande kilicho mbele yake. Usiiweke kwenye mwendo wa kuendesha tairi za gari zito, itateleza kila mlima.

Swali: Gari la kupanda mawe linashindwa

*Fundi, gari langu lina mota moja kubwa, nguvu inakwenda ekseli zote mbili, na kila ekseli ina difu, yaani gia za kugawa nguvu kwa tairi mbili. Nimepunguza mwendo mara 5 pale kwenye mota ili lipate nguvu. Likianza kupanda, krosi za mbele, vile viungo vya shafti vinavyopinda, zinachomoka, na tairi moja ikining'inia hewani gari linasimama huku hiyo moja ikizunguka peke yake. Nibadilishe mota?*

Mota iache, nguvu unayo ya kutosha na ndiyo inayochomoa krosi. Ukipunguza mwendo mara 5 mwanzoni, kila kipande kinachofuata, kuanzia shafti ya katikati, krosi, hadi difu, kinabeba nguvu iliyozidishwa mara 5, na shafti ndefu ya plastiki inajipinda kwa mzigo huo kabla ya tairi kuanza kuzunguka. Hamishia upunguzaji huo mwishoni, karibu na tairi kadiri iwezekanavyo, baada ya krosi. Acha shafti ya katikati izunguke haraka ikiwa na mzigo mdogo. Njia mbili zinafaa: kuweka gia ya 8 na ya 24 katika kila tairi, ambayo pia inainua ekseli kutoka kwenye mawe kwa matundu 2, au kutumia vishikio vya tairi vyenye gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) ndani yake, ambavyo vinapunguza mwendo zaidi ya mara 5 vikiwa ndani ya rimu. Binafsi ninaipenda njia ya kwanza kwa gari la kupanda mawe, kwa sababu ya kimo, japo inapanua ekseli.

Angalia pia namna krosi zilivyokaa. Krosi iliyopinda haitoi mwendo ulio sawa: ikipinda nyuzi 30, shafti ya upande wa pili inakwenda kati ya asilimia 87 na 115 ya kasi ya ile ya kwanza, ikiharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Ukiwa na krosi mbili katika shafti moja, zipange ili uma za ndani zilale katika mstari mmoja, na pembe za krosi zote mbili ziwe sawa. Ya pili itafuta kosa la kwanza. Zikikaa kwa kupishana robo mzunguko, mtikisiko unaongezeka, na mtikisiko huo ukikutana na mzigo ndiyo krosi inachomoka.

Kusimama kwa gari tairi moja inaponing'inia ni tabia ya difu yenyewe. Difu inagawa nguvu sawa kwa pande mbili, na kwa kuwa tairi iliyo hewani haihitaji nguvu yoyote kuzunguka, hata ile iliyo juu ya jiwe inapata karibu sifuri. Ukitaka kuona, shika kiwiliwili cha difu kisizunguke kisha zungusha tairi moja mbele: ya pili itarudi nyuma kwa kasi ileile. Katika gari la sakafuni difu isiachwe kamwe, kwa kuwa tairi za ekseli moja hupita njia zenye urefu tofauti kila kona. Katika gari la mawe inahitaji kufuli. Kufuli hiyo inajengwa kwa pete ileile ya giaboksi niliyoieleza katika barua ya kwanza, ikifunga shafti ya tairi moja pamoja na kiwiliwili cha difu kupitia gia zenye uwiano sawa, na inaweza kuvutwa na mota ndogo au kwa kidole kutoka chini ya bodi. Anza na difu ya nyuma, iache ya mbele ikiwa huru, na gari litapanda sehemu kubwa ya mawe yanayolishinda sasa huku likiendelea kukata kona bila kuzilazimisha krosi za mbele.